Kofia Mpya ya Mjomba Kiprugut

Kliniki ya Daktari Ishwarlal,
Nakuru.
14 Januari 1973

Mpendwa Chepngeno,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na majirani, ukoo wa Maritim unatangaza kufariki kwa kofia yangu. Marehemu alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Alihudhuria harusi ishirini na mbili, yako ikiwemo, na kila mara alipewa kiti chake. Jumapili iliyopita nilimpeleka mgeni ziwani kumwonyesha heroe. Nikainua mkono ili nionyeshe vizuri, upepo ukaona nafasi. Marehemu alionekana mara ya mwisho akielea katikati ya wale ndege wekundu, na sina shaka kwamba sasa hivi kuna heroe mmoja anayeamkiwa kwa heshima kuliko wenzake. Familia inaomba isiletewe maua.

Baada ya msiba, habari. Damu yako imesafiri salama hadi maabara ya Nairobi. Ulipoondoka hapa na pamba yako mkononi, nilikifunga kile kichupa kwa karatasi, nikakitia ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu kutoka kwa Gurbachan muuza soda, nikaipeleka stesheni mwenyewe. Gadi wa gari moshi akaniuliza kuna nini ndani. Nikamwambia, damu ya mwalimu. Aliipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

Nakiri kwamba katika miaka ishirini na sita ya udresa, ya kufunga watu vidonda, sijaona mtu akitoka Sachangwan kuja kutobolewa mkono hali haumwi. Wengine hapa huletwa kwa machela. Wewe umeingia kwa miguu yako ukauliza: je, nikipatwa na ugonjwa nisiokuwa nao, nikiwa na mimba nisiyokuwa nayo, mtoto ambaye hayupo ataumia? Daktari alifurahi hata akasahau chai yake. Amesema wewe ndiye mgonjwa wake wa kwanza kufika kabla ya ugonjwa.

Natania, lakini sikucheki. Namkumbuka dada yako Chepkorir na vile vipele vyake vya siku tatu. Aliendelea kuchuma pareto kama kawaida, hata mimba yenyewe hajaijua bado. Leo kijana wake ana miaka sita na hajawahi kusikia jina lake likiitwa. Surua ya Kijerumani, ile madaktari wanayoiita rubela. Wajerumani wenyewe walifukuzwa Tanganyika zamani, ila surua yao wakatuachia.

Daktari anasema jibu litachukua mwezi. Kama uliugua utotoni bila sisi kutambua, damu haisahau, na una kinga. Kama hukuugua, kuna chanjo mpya ya kuagiza. Utachomwa, kisha usishike mimba kwa miezi mitatu. Basi ni hayo. Salimia Kipkemei, mwambie mume wa mwalimu naye hujifunza kungoja kengele.

Mjomba wako, kichwa wazi,
Kiprugut arap Maritim


Shule ya Msingi,
Sachangwan, kupitia Molo.
23 Januari 1973

Mjomba mpendwa,

Pole kwa msiba. Nilimsomea Kipkemei ile habari ya heroe, chai ikamtoka puani. Anasema kama marehemu aliacha urithi, yeye anataka ule unyoya uliokuwa kwenye utepe wake.

Huku hali ni ileile. Baba mkwe wangu, Mzee Kiptanui, hajanitamkia neno baya hata moja. Ananiamkia vizuri. Lakini Jumamosi alimleta ng'ombe wao asiyezaa, akamfunga mbele ya mlango wa jiko langu, akaketi akimtazama muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu tutampeleka soko la Molo." Kisha akaniuliza kama chai iko.

Kipkemei anasema baba yake hakuwa na maana yoyote. Labda. Ila ni miaka miwili ya ndoa, Mjomba, na mwaka wote wa pili ni mimi niliyesema tungoje. Kipkemei amekubali kungoja, na hajamwambia mtu sababu. Kila mtu anadhani ni tumbo langu. Acha wadhani. Mimi nilikuwepo siku Chepkorir alipomwita mtoto wake kutoka mlangoni, akamwita, akamwita, na mtoto amekaa palepale amempa mgongo, akichezea kifuniko cha chupa.

Nakuomba jambo moja tu. Jibu likija, niandikie lilivyo. Nakufahamu: ukiwa na habari mbaya unaanza na hadithi ya mbuzi. Baba alipofariki ulianza na mbuzi wa Manjit aliyekula kalenda. Safari hii usianze na mbuzi. Likiwa zuri niandikie, na likiwa baya niandikie haraka zaidi. Nikiwa sina kinga nitachanjwa na nitangoja, hata kama watanifungia ng'ombe kumi mlangoni.

Mwanao,
Chepngeno


Nakuru,
18 Februari 1973

Mpendwa Chepngeno,

Umesema nisianze na mbuzi, kwa hiyo sianzi na mbuzi. Una kinga.

Jibu la Nairobi limefika. Inaelekea uliugua ukiwa mdogo, labda mwaka ule tulipolala wote na upele na mama yako akatupaka majivu mpaka tukafanana na vinyago. Damu yako inakumbuka hata kama sisi hatukumbuki. Mwandiko wa Daktari unaujua, ni kuku aliyepita kwenye wino, kwa hiyo nimekunakilia jibu kwenye kadi ya kliniki kwa mkono wangu na kupiga mhuri. Itunze.

Mengine ni madogo. Nimepata kofia mpya, ya felti, rangi ya kahawia, ina utepe mpana. Wagonjwa wawili wameniamkia kwa Kiingereza. Jinsi ilivyonijia nitakusimulia siku nyingine.

Basi mwambie Kipkemei aigeuze kalenda ielekee ukutani. Nimesimama mlangoni hapa, nikanywa maziwa, nikatema kidogo kuelekea Sachangwan, baraka ya mjomba. Upepo ulikuwa wa kwenda huko. Neno la mjomba likishatoka halirudi.

Mjomba wako, mwenye kofia,
Kiprugut


Sachangwan.
19 Mei 1973

Mjomba mpendwa,

Kaa chini kwanza. Kwetu jambo kama hili halitangazwi kabla halijajitangaza lenyewe, lakini mjomba hatangaziwi, mjomba huambiwa. Ni mwezi wa pili. Kipkemei ananizunguka kama mtu aliyebeba mayai kwenye kapu bovu. Mzee Kiptanui bado hajaambiwa, ila yule ng'ombe hakwenda tena soko la Molo, kwa hiyo nadhani anajua.

Sasa sikiliza usicheke. Ile surua yetu imeingia shuleni. Ilianzia darasa la kwanza, langu mimi, tulipofungua shule tu. Mwalimu mkuu, Bwana Nyongesa, alituita walimu wanawake ofisini. Akawa anatazama dirisha na kukohoa. Akasema, "Mwenye sababu yake, sitaki kuijua, aende nyumbani mpaka jambo hili lipite." Wawili wakaenda. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa kadi yako. Akaisoma mara mbili, akageuza upande wa pili akasoma mhuri. "Basi Mwalimu," akasema, "wewe ndiye askari wetu."

Kwa hiyo darasa langu limekuwa wodi. Watoto ambao nyumbani kuna mama mjamzito wanashinda hapa na mimi, wasije wakawaambukiza mama zao. Leo wako kumi na mmoja. Nawapangusa, nawapa uji, nawasomea. Kuna kasichana kamoja hakalali mchana mpaka kaweke shavu lake hapa shingoni mwangu, na kana joto kama kiazi cha moto.

Nikwambie kitu cha aibu kidogo? Ninafurahi. Ni kama kutembea kwenye mvua nikiwa peke yangu mwenye mwavuli. Na mwavuli huo nilipewa na wewe.

Mwanao,
Chepngeno


Nakuru,
23 Mei 1973

Chepngeno,

Toka hapo shuleni. Ukiisoma barua hii asubuhi, toka asubuhi.

Mwanamke mwenye mimba changa hafai kubeba watoto wa watu. Kuna vumbi la chaki. Kuna baridi ya huko juu. Watoto wagonjwa huja na homa nyingi, si hiyo moja tu. Waache mama zao wawaangalie, au Bwana Nyongesa mwenyewe, yeye hana tumbo la kuogopea isipokuwa lile la chakula.

Njoo ukae nami wiki tatu. Sema mjomba anaumwa. Si uongo, sijisikii vizuri. Usiniulize sababu, Chepngeno. Mimi ni mjomba wako na nimesema.

Kiprugut


Sachangwan.
4 Juni 1973

Mjomba mpendwa,

Barua yako ililala Molo zaidi ya wiki, gari la posta lilikwama kwenye matope. Pole kwa kuumwa. Ni tumbo tena? Punguza ile mursik, maziwa ya kibuyu ya watu usiowajua.

Kipkemei ameniuliza, "Vumbi la chaki?" Tumecheka sana. Miaka mitano nafundisha, na leo ndiyo chaki imekuwa sumu. Wewe ndiye utakayekuwa babu mwoga kuliko wote, nakuona mbele yangu ukimpima mtoto joto kila saa.

Watoto wote wamepona. Mimi wiki iliyopita nilitokwa na vipele vidogo nyuma ya masikio na kifuani, na shingo ikaniuma nikigeuka. Siku mbili tu vikaisha. Bwana Nyongesa alishtuka, nikamwambia ni ile sabuni mpya ya mche, inawasha. Lakini jioni ile, sikufichi, moyo ulinienda mbio. Nikafungua Biblia ninamoweka kadi yako, nikaisoma kwa sauti mbele ya Kipkemei, nikalala usingizi mzuri. Bila kadi ile ningekuwa nimekufa kwa hofu.

Mwanao,
Chepngeno


Nakuru,
2 Januari 1974

Mpendwa Chepngeno,

Kipkemei alifika hapa jana na habari, miguu haigusi chini. Binti. Chemutai. Jina zuri. Amesema Mzee Kiptanui amemchinjia kondoo na amewasimulia wazee hadithi ileile mara tatu.

Nimempa Kipkemei blanketi tatu, maziwa ya unga na sweta mbili. Samahani kwa kuwa sikuja kukuona tangu wakati ule. Kliniki ina watu wengi, na Alhamisi Daktari hunituma Naivasha, kule Kihoto, kufunga vidonda vya watu wa ziwani.

Ukipata nafasi niandikie. Nitafurahi kujua kama ananyonya, kama analala vizuri, na kama anashtuka mlango ukigongwa.

Mjomba wako,
Kiprugut


Sachangwan.
17 Machi 1974

Kiprugut arap Maritim,

Uliniuliza kama mtoto anashtuka mlango ukigongwa. Watu wengine wote waliuliza amefanana na nani. Sikuliona jambo hilo siku ile. Nimeliona sasa.

Hashtuki. Nilisimama nyuma yake nikagonga sufuria kwa mwiko. Nikagonga tena karibu zaidi. Aliendelea kutazama dirisha, kwa jicho la kulia, kwa sababu la kushoto lina wingu kama tone la maziwa. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Namjua mtoto asiyetaka kusikia na namjua asiyesikia.

Alhamisi nilimleta kwa Daktari. Niliichagua Alhamisi makusudi kwa kuwa ndiyo siku yako ya kwenda Kihoto. Sikutaka ulione lile jicho kabla sijakuandaa. Nilikuwa nakuhurumia.

Nilimpa Daktari kadi yangu. Akatazama mhuri, akanitazama mimi, akaenda kabatini akaleta faili. Aliligeuza mezani ili nisome mwenyewe. Karatasi ya Nairobi, ya tarehe tisa Februari mwaka jana. Hana kinga. Kisha Daktari akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na chanjo yako, mbona hukuijia?" Alikuwa ameiagiza. Ilifika Juni, Mjomba, ikakaa kwenye friji yenu mpaka ikapitwa na wakati. Wewe ulimwambia nimehamia Kericho.

Nimeandika Mjomba kwa mazoea. Ni wino, siwezi kufuta.

Nilikuomba jambo moja tu katika maisha yangu. Sikukuomba uniambie habari njema. Nilikuomba uniambie lilivyo. Nami nikaichukua kadi ya uongo nikamwonyesha Bwana Nyongesa kama mtu anayeonyesha cheti, nikawabeba wale watoto kifuani. Kasichana kale nilikabeba mimi.

Nataka mambo mawili. Kwa nini. Na nani mwingine alijua. Kipkemei anakula chakula changu kila siku, na mimi nakaa namtazama mdomo nikijiuliza kama aliijua ile kadi siku nilipomsomea na akaniambia nilale. Kama alijua, niambie. Nitajua la kufanya.

Usinitanie. Usianze na mbuzi.

Chepngeno


Nakuru,
21 Machi 1974

Chepngeno,

Hakujua. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo unalolihitaji leo. Kipkemei hakujua. Baba yake hakujua, mama yako hakujua, Daktari hakujua. Mwaka mzima nimemtafuta mtu wa kugawana naye kosa hili na hayupo.

Ilikuwa hivi.

Karatasi ilifika Jumatatu, tarehe kumi na mbili Februari. Nairobi hutuma nakala mbili, moja ya faili na moja ya mwenyewe. Daktari akaitia ya kwanza kwenye faili, akanipa ya pili, akasema, "Mwandikie mwalimu leo. Mwambie chanjo itafika Juni, kisha miezi mitatu." Nikakuandikia. Barua ile ilikuwa ya kweli, mistari sita, na mbuzi alikuwemo. Nikaitia mfukoni pamoja na nakala yako, nikaelekea posta, saa saba mchana, jua la utosi, kichwa wazi.

Mlangoni pa posta nilimkuta Mzee Kiptanui. Alikuwa ameleta pareto, na alikuwa akinitafuta. Unajua kwetu: mzee hamleti mke wa pili nyumbani kwa mwanawe kabla hajafika kwa mjomba wa yule wa kwanza. Hakuja kwa hasira. Angekuja kwa hasira ningejua la kumjibu. Alinishika mkono akaniingiza dukani kwa Shantilal, akasema kichwa cha mjomba hakikai wazi mbele ya watu. Akachagua kofia, akanivika mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. "Sasa ni Daktari kweli," akasema, na Shantilal akaitikia, "Daktari kabisa." Nimefunga vidonda vya watu miaka ishirini na sita, Chepngeno, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Hakuniomba kitu. Tulipokaa kunywa chai alisema tu kwamba kuna msichana wa Londiani, watu wake wanauliza, na amewaambia wangoje mpaka mvua ya Aprili. Kisha akasema, "Labda wewe wa hospitali una habari." Barua ilikuwa hapa mfukoni, naisikia kifuani. Ningesema: mwanangu anangoja kwa sababu ana akili kuliko sisi sote, mwache mpaka Septemba. Yule mzee si mjinga. Huenda angesikia. Badala yake nilisema, "Habari ni njema." Nilimwona akifurahi, nikaona jinsi ilivyo rahisi.

Nikarudi kliniki. Nikajiambia surua ile haiji kila mwaka. Nikajiambia wanawake wangapi wamezaa bila kujua habari ya kinga, na watoto wao wanasikia hata yasiyowahusu. Nikajiambia nakuokoa na mke mwenzio. Haya yote niliyasema kwa uhodari mkubwa, kwa sababu tumbo lenyewe halikuwa langu. Ukweli mdogo chini ya hayo ni kwamba nilikuwa nimeshasema neno mbele ya mzee, nimevaa kofia yake, na sikuwa na uso wa kurudi kuivua.

Nikairarua barua ya kweli, nikaandika kadi. Na kwa kuwa ulikuwa umesema kwamba habari mbaya zangu huanza na mbuzi, nilihakikisha hakuna mbuzi. Hapo ndipo sina kisingizio hata kimoja. Kile unachokijua juu yangu, nilikitumia ili usinijue.

Barua yako ya Mei ilinipata tarehe ishirini na mbili. Niliisoma nimesimama. Nilikwenda posta mbio, nikaomba fomu ya simu ya maandishi, nikaandika: HUNA KINGA ONDOKA. Karani akaniuliza inakwenda kwa nani. Nikasema, Mwalimu Chepngeno, shule ya Sachangwan. Akasema, "Hiyo ataipokea mwalimu mkuu." Nikamwona Bwana Nyongesa akiisoma kwa sauti ofisini, na kadi yangu yenye mhuri iko palepale mezani. Nikamwambia karani nimekosea. Nikarudi nyumbani, na siku iliyofuata nikakuandikia habari za vumbi la chaki, kwa posta ya kawaida.

Inawezekana siku ile ulikuwa umeshaambukizwa. Daktari anasema hivyo. Sikuandikii ili inisaidie, kwa sababu mimi siku ile sikujua, na nilichagua aibu yangu kwanza. Barua yako ya Juni, ile ya sabuni, nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Nilitembea kuelekea stendi ya basi mara mbili ili nije kukuambia. Mara mbili nikafika, nikawasalimia madereva, nikarudi. Chanjo ilipokuja nikasema umehamia Kericho.

Ijumaa Daktari alinikalisha, nikamwambia yote haya kama nilivyokuandikia. Hakunipigia kelele. Alinyoosha mkono, nikampa mhuri. Bado ninafunga vidonda, ila karatasi sigusi tena, na sasa kila mwanamke anayepimwa husomewa jibu na Daktari mwenyewe, akiwa ameshika karatasi ya Nairobi kwa mkono wake. Anasema lile jicho linaweza kupasuliwa Nairobi mtoto akiwa bado mdogo, na kwamba kuna walimu wanaowafundisha watoto wasiosikia. Atakuandikia yeye kwa mwandiko wake wa kuku. Uusome huo huo.

Jana nilipanda basi nikaenda kwa Mzee Kiptanui, si kwako, sikuwa na ruhusa. Nilimrudishia kofia. Nilimweleza yeye na Kipkemei kwa nini ulingoja mwaka mzima, na kwamba aliyekukatiza ni mimi. Mzee aliigeuza kofia mikononi muda mrefu, hakuivaa. Kipkemei alitoka nje. Nilipoondoka nilimwona amesimama karibu na yule ng'ombe, amemwekea paji la uso ubavuni. Mtu aliyejua hasimami vile.

Limebaki moja. Nakala yako. Sikuweza kuituma na sikuweza kuichoma. Niliikunja nikaiingiza ndani ya kofia, chini ya ule utepe wa ngozi unaokaa kichwani. Imekaa hapo mwaka mmoja na mwezi mmoja. Kila mtu aliyeniamkia njiani, niliivua kofia na kuivaa tena, nayo karatasi imo ndani. Niliitoa kabla sijairudisha kofia. Imeingia jasho langu na imekuwa ya manjano, lakini inasomeka. Nimeifunga humu. Ni mistari miwili tu, na juu yake kuna jina lako.

Kiprugut arap Maritim